Mgeni na Nyumba za Kale za Rungwe

Wasikilizaji wetu wa Msasani na wa mji mzima wa Tukuyu, wa Kiwira, wa Masoko na wa Mwakaleli, naomba idhini yenu tuzungumze kwa utuo juu ya jambo ambalo kila mwaka, masika yanapoanza kulegea na jua likapata kuonyesha uso wake juu ya mashamba ya chai, huulizwa na watu wa kila namna: watumishi wa Dar es Salaam waliochoshwa na joto na msongamano, vijana wa vyuo vya Mbeya, na wazawa wa hapa waliohamia miji ya mbali ambao watoto wao hawajapata kuitia machoni nchi ya babu zao. Wote hao wanataka kujua ni wapi katika wilaya yetu mtu anaweza kwenda akakaa siku chache katika faragha ya mlima na msitu, penye nyumba zenye historia na hewa isiyo na vumbi, pasipo anasa na pasipo makelele.

Mimi huwatajia mahali pawili. Pa kwanza ni kituo cha kale cha Kanisa la Moravian huko Rungwe, chini ya mlima wenyewe, na pa pili ni Masoko, penye ziwa la duara na boma la Wajerumani. Lakini nikishataja, nami huuliza: umejiandaaje? Kwa maana nimeona, tena kwa masikitiko, safari nyingi zilizopangwa kwa kuhesabu nauli tu na idadi ya picha zitakazopigwa, na wasafiri wake wakarudi wakilalamika kwamba umeme haukuwa wa uhakika, kwamba njia ilikuwa tope, kwamba wenyeji hawakuwachangamkia, ilhali hayo yote yangalijulikana na kupata dawa yake kabla mtu hajafunga mzigo. Nyumba ya kale iliyo ukingoni mwa msitu ina tabia zake na saa zake na watu wake, na mgeni ndiye apasaye kuzifuata. Huo ndio usemi wangu wa leo, na nitautetea kwa kadiri ya uwezo wangu.

Tuanze na mvua, kwa kuwa huku kwetu mvua ndiyo mwenye nyumba. Mji wa Tukuyu uko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mlima Rungwe unaousimamia upande wa kaskazini unafika mita 2,960. Upepo utokao Ziwa Nyasa, ukiwa umebeba unyevu wa maji yale mapana, hupanda mitelemko hii, ukapoa, ukaumwaga mzigo wake juu ya migomba na michai yetu, hata nchi ikapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, yaani zaidi ya mara tatu ya ile iipatayo Dodoma. Mvua hiyo huanza mwezi wa Novemba, hufikia ukali wake Machi na Aprili, na hata Mei huwa haijaaga sawasawa. Kwa hiyo anayekuja wakati wa Pasaka akitumaini kupanda mlima kwa viatu vya mjini amejitafutia mashaka kwa hiari yake, maana udongo wetu huu wa majivu ya volkano, ambao ndio uliotujalia viazi, maharage, ndizi na parachichi, ukilowa huwa utelezi usio na huruma, na vijito ambavyo mwezi wa Septemba mtoto huviruka, mwezi wa Aprili humzuia mtu mzima na mzigo wake. Juni na Julai mvua hupungua, lakini baridi hushika, na ukungu hulala juu ya mabonde mpaka asubuhi ikaenda sana. Agosti na Septemba njia hukauka na usiku nyota huonekana kwa wingi, ingawa kuelekea Oktoba moshi wa mashamba yanayochomwa huweza kuificha mandhari ya mbali. Mtu akinitaka shauri, nitamwambia aje kati ya mwisho wa Juni na mwisho wa Septemba. Lakini kama shauku yake ni maua, basi ajue kwamba uwanda wa Kitulo ulio mashariki ya mlima wetu, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, huchanua okidi zake wakati wa mvua zizo hizo, toka Desemba mpaka Aprili, na hapo hana budi kuvumilia tope kwa ajili ya uzuri.

Baada ya majira, mgeni na ajue habari ya nyumba anayoiendea, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu wengi hudhani kwamba desturi ya kukaa katika makazi ya kawaida yaliyojengwa kwa uangalifu katikati ya mimea ililetwa na Wazungu. Sivyo hata kidogo. Wasafiri wa kwanza wa Ulaya waliopita katika nchi ya Wanyakyusa, akiwamo Joseph Thomson katika mwaka 1879, walistaajabu kuona vijiji vilivyofagiwa, migomba iliyopandwa kwa utaratibu, na nyumba za mianzi zilizosukwa kwa ustadi kiasi cha kuwafanya waandike sifa ambazo hawakuwa wepesi kuwapa watu wengine waliokutana nao njiani. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, kati ya 1934 na 1938, wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walikuja wakaishi miongoni mwa wazee wetu, na Bibi Monica Wilson akatoa mwaka 1951 kitabu kiitwacho Good Company, ambamo alieleza kwa kirefu vijiji vya marika: jinsi wavulana walipofika umri wa kiasi cha miaka kumi au kumi na mmoja walivyotoka nyumbani kwa baba zao, wakaenda kando ya kijiji kujijengea vibanda vyao wenyewe, wakilala huko pamoja, wakizungumza, wakifundishana adabu za kuishi na wenzao, huku wakienda kula kwa mama zao kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule, na vibanda vile vya utotoni, wenyewe wakiisha kukua na kuoa, vikawa kijiji kamili cha watu wazima.

Natafakari sana habari hiyo ninapowaona vijana wetu wakitafuta mahali pa kujitenga na shughuli za mji. Wazee wetu waliona kwamba mtu hawezi kuwa mwenzi mwema wa binadamu bila ya kukaa kwa muda katika nyumba ndogo aliyoitengeneza kwa mikono yake, penye moto mmoja na maneno mengi. Basi anayekuja Rungwe kulala chini ya paa la kawaida pamoja na jamaa zake, na kuota moto, na kuzungumza mpaka usiku mkubwa, anaifuata njia iliyokanyagwa hapa zamani kabla ya meli yoyote ya moshi kuelea katika Ziwa Nyasa.

Sasa tuje kwenye kituo chenyewe. Mwaka 1891 ndipo walipofika Wamoravian wa kwanza, kundi dogo kutoka Ujerumani, miongoni mwao Theodor Meyer, Theophil Richard na Georg Martin. Walipita njia ya mzunguko ya mito Zambezi na Shire, kisha wakalivuka ziwa kwenda kaskazini, na kutoka ufukoni wakapanda kwa miguu. Na Georg Martin alifariki kwa homa njiani, asipate kuiona Rungwe waliyoikusudia. Msiba huo ndio unaotueleza ni kwa nini waliobaki waliupenda mlima: mabonde ya chini yalikuwa na homa, na huku juu palikuwa na baridi, na maji ya vijito yashukayo kutoka msituni, na miti ya kujengea, na watu wengi wanaolima. Mwaka uo huo walikuja pia watu wa Misheni ya Berlin chini ya Alexander Merensky, na makundi mawili hayo yakapatana kugawana nchi, Waberlin wakichukua upande wa mashariki na Wamoravian upande wa magharibi, mpaka ambao athari yake ipo hata leo ukitazama ni wapi makanisa ya Kilutheri ni mengi na ni wapi ya Moravian yametangulia.

Kanisa hilo la Moravian lina asili ya zamani katika Ulaya ya kati, tangu zama za Jan Hus aliyechomwa moto mwaka 1415, na lilizaliwa upya katika kijiji cha Herrnhut kilichoanzishwa mwaka 1722 katika ardhi ya kabaila Zinzendorf; na tangu Herrnhut walikuwa na desturi ya kujenga makazi yaliyokusanya mahali pamoja kanisa, skuli, karakana na shamba, ili ibada na kazi visipishane. Huo ndio mfano uliokuja kupandwa chini ya mlima wetu. Anayefika Rungwe leo na kuona kanisa, na skuli, na nyumba zenye kuta nene na baraza, zikitazamana katika uwanja mmoja wenye miti mirefu, asidhani zimekaa hivyo kwa bahati tu, maana mpango ule ulitungwa Herrnhut huko Saxony na ukatimizwa na mafundi na wachukuzi wa Kinyakyusa, waliofinyanga udongo, wakachoma matofali, wakapasua mbao na kuzibeba.

Tena sipendi mtu aisikie habari hii nusu. Wageni wale walipewa mahali pa kukaa na watawala wa nchi, wakajifunza Kinyakyusa kwa wenyeji kabla ya kuwafundisha wenyeji lolote, na kwa miaka ya mwanzo usalama wao wote ulikuwa katika ukarimu wa watu waliowazunguka. Lakini nyuma yao ilikuja serikali ya Kijerumani, na boma, na kodi. Makao yake ya kwanza yalikuwa Langenburg ya ufukoni mwa ziwa, kisha yakahamishiwa huku Tukuyu, mji ukaitwa Langenburg Mpya, na haukurudia jina lake hadharani mpaka Wajerumani walipoondoka. Nyumba za kale za wilaya yetu zimebeba mambo yote mawili, ukarimu na ukali, na mgeni mwenye akili huyachukua yote.

Ukali huo huonekana zaidi Masoko. Ukitoka Tukuyu kwa barabara ya Ipinda, ukashuka kiasi cha kilomita 15 katikati ya migomba, utafika kwenye ziwa lililojaa ndani ya shimo la volkano, ziwa ambalo wengine huliita Kisiba, lisilo na mto utokao juu ya ardhi, maji yake yakiwa ya kijani kibichi yaliyozungukwa na kingo za miti. Na juu ya ukingo wake pamesimama jengo la mawe lililokuwa makao ya kikosi cha tano cha askari wa Kijerumani, jengo lililokuja kutumika baadaye kuwa mahakama. Katika mwezi wa Mei 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Kiingereza chini ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka kutoka upande wa Nyasa na Rodesia, na kabla mwezi haujakwisha yakaishika Langenburg Mpya, Wajerumani wakirudi nyuma kuelekea Njombe na Iringa. Wenyeji husimulia kwamba kabla ya kuondoka Wajerumani hao waliitupa hazina yao ndani ya ziwa, na ni kweli kwamba sarafu za zama zile huokotwa ufukoni, heller na rupia, na watoto huzileta kwa wageni ili wazinunue.

Hapa nina neno ninalolisema kwa moyo wote. Msafiri asinunue sarafu zile. Najua kwamba mtoto anahitaji daftari na kwamba senti chache za mgeni si haba kwake, lakini kila sarafu iondokayo katika mfuko wa mtu wa mbali inaondoka na kipande cha ushahidi wa vita ile, ambayo kwa watu wetu ilikuwa vita ya kubeba mizigo: wapagazi walikufa kwa maelfu katika Afrika ya Mashariki, wengi wao kwa njaa na maradhi zaidi kuliko kwa risasi, na walio wengi hawakuandikwa jina popote. Jiwe la Masoko na sarafu ya Masoko ndivyo vitu vichache tulivyo navyo vya kuwaonyesha wajukuu wao. Mgeni anayetaka kumsaidia mtoto na amlipe kwa kumwongoza njia ya kuzunguka ziwa na kumtajia majina ya miti, kazi ambayo watoto wa huko wanaiweza vizuri mno, na fedha hiyo itakuwa halali kwa pande zote mbili.

Turudi mlimani. Nyuma ya kituo cha Rungwe msitu unaanza, na msitu ule tangu mwaka 2009 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, chini ya usimamizi ambao sasa ni wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Maana yake kwa msafiri ni nyepesi: haingii bila ya kibali, wala haingii bila ya kiongozi anayeijua njia, na ada yake hulipwa kwa stakabadhi. Wapo wanaonung'unika, wakisema mlima ni wa babu zetu, kibali cha nini? Nami nawajibu kwamba babu zetu nao walikuwa na misitu isiyoingiwa ovyo, misitu ya matambiko ambayo shoka halikuthubutu kuigusa, na kwa sababu hiyo baadhi ya miti mikubwa ya nchi hii ilisalimika. Kupanda mpaka kileleni na kurudi kwahitaji siku nzima tangu alfajiri, tena kwa mtu mwenye pumzi, na juu ya msitu mna mianzi minene, kisha nyasi na baridi shadidi. Basi asiyejiweza atosheke na njia za chini, ambako hasara yake itakuwa ndogo, kwa kuwa uzuri wa Rungwe umo zaidi ndani ya msitu kuliko juu ya jiwe la kileleni.

Na ndani ya msitu ule anaishi kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kima huyo wa juu ya miti, mwenye manyoya marefu ya hudhurungi na mlio kama wa kubweka, na baadhi ya waliowasikia walidhani ni kiumbe cha hadithi, mpaka mwaka 2003 watafiti wa Wildlife Conservation Society waliokuwa wakifanya kazi huku, Tim Davenport pamoja na Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga, walipomthibitisha kwa macho yao. Mwaka uliofuata kundi jingine la watafiti likamwona katika msitu wa Ndundulu huko Udzungwa, na mwaka 2005 wote kwa pamoja wakamtangaza kwa ulimwengu wa elimu. Mwaka 2006, uchunguzi ulipoonyesha kwamba hakufanana na jenasi yoyote ya kima iliyojulikana, alipewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, kwa jina la mlima wetu, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2008 ilikadiria takriban kipunji 1,100 duniani kote. Fikirini, mabibi na mabwana: kiumbe ambacho wazee wa Rungwe walikijua kwa jina lake, na ambacho walimwengu walikipokea kwa mshangao, kinaishi umbali wa matembezi ya asubuhi kutoka madirishani petu, na wengi wetu hatujakisikia hata sauti.

Tena kumsikia kwahitaji ukimya. Kipunji ni mwenye haya, hukaa vileleni mwa miti, na kundi la wasafiri wanaopiga soga na kufungulia muziki wa simu litatembea kutwa lisione ila majani. Ndiyo maana husema matayarisho ya safari hii huanzia katika idadi ya watu: wanne au watano wanatosha, na wakizidi hapo wagawane siku. Nguo ziwe nzito kwa usiku na nyepesi kwa mchana, koti la mvua liwe ndani ya mfuko hata kama mbingu ni nyeupe, viatu viwe gambuti au viatu vizito vyenye meno, na tochi iwe na betri za akiba. Chakula hakina taabu, kwa kuwa nchi imejaa. Lakini ni bora mgeni anunue soko la Tukuyu au la Kiwira kuliko kubeba makopo kutoka Dar es Salaam, ili fedha yake ibaki mikononi mwa wakulima, na kwa sababu mbalaga ya ndizi zilizokatwa asubuhi, iliyopikwa na mama wa Kinyakyusa kwa maharage au nyama, humtia mtu joto ambalo biskuti haziwezi kumtia.

Lililo kubwa kuliko yote ni kutoa taarifa. Kituo cha Rungwe kwanza ni mahali pa ibada na elimu, na nafasi ya mgeni kulala au kukaa hutegemea ridhaa ya wenye kituo, kwa hiyo ni wajibu kuuliza mapema, kwa barua au kwa simu, na kuuliza kwa adabu. Kijana mmoja alinijia kulalamika kwamba mzee mwangalizi wa nyumba fulani alimjibu kwa ufupi mno katika simu. Nikamwambia anipe maneno yake kama alivyoyasema. Akanieleza kwamba alianza kwa kuuliza, "Chumba kinauzwaje, na maji ya moto yapo?" Nikamshauri apige tena, na safari hii aanze kama angaliingia kwa mguu nyumbani kwa mzee huyo. Akapiga mbele yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Za huko mjini?"

"Nzuri, baba. Mvua imewaachia kidogo huko?"

"Bado inatudokolea, lakini njia ya msituni imeanza kukauka. Mtakuwa wangapi, na mna watoto?"

Na mazungumzo yakaenda marefu, mpaka mzee mwenyewe akamwambia siku ambayo kanisani patakuwa na mkutano ili asije siku ile, akamtajia mpishi, na akamwonya juu ya daraja la miti lililovunjika. Hakuna karatasi yoyote ambayo ingalimpa habari hizo. Mwangalizi wa nyumba ya kale ndiye anayejua ni dirisha gani halifungi na ni kijito gani kimefurika, na habari hizo huzitoa kwa mtu aliyemsalimu kwanza.

Nimefika sasa mahali ambapo najua baadhi yenu hamtakubaliana nami. Wapo viongozi na wafanyabiashara, watu wenye nia njema kabisa, wasemao kwamba kama tunataka wageni wengi ni sharti mahali hapa pawekewe vigae, na kuta za saruji zenye kung'aa, na mabaa, na vipaza sauti vya kutumbuiza jioni, na barabara ya lami ifike mpaka mlangoni pa msitu. Naiheshimu haja yao ya kuwapatia vijana kazi, na mimi mwenyewe naililia kazi hiyo. Lakini nawaomba watazame ni nini hasa mgeni wa Rungwe anachokifuata. Vigae vipo Mbeya, tena vingi. Mabaa yapo Uyole na Kiwira, pembeni mwa barabara iendayo mpaka wa Kasumulu, na malori na mabasi hayakomi usiku kucha. Asiyepata haja yake huko ni yule anayetaka kusikia vijito, na kulala usingizi ambao taa za barabara haziuvunji, na kuzungumza na watu walioishi na mlima huu maisha yao yote. Tukimwondolea hayo, tumemwondolea sababu ya kuja, na vijana hawatapata ile kazi tuliyoitamani.

Mahitaji ya kweli ya nyumba hizi ni mapaa yasiyovuja, mifereji ya kuyaongoza maji ya masika mbali na misingi, mbao mpya zilizopasuliwa kwa kipimo cha zile zilizooza, vyoo safi, maji ya kunywa ya uhakika, na waangalizi wanaolipwa ujira wao kwa wakati. Mafundi wa kazi hizo tunao. Wapo hapa Msasani waashi na maseremala wanaoweza kuirudisha baraza ya kale katika hali yake bila ya kuibomoa, iwapo watapewa nafasi ya kuitazama kazi ya waliotangulia na wakati wa kuifuata. Kadhalika vitabu vya wageni vya zamani, na picha, na daftari za skuli, popote vilipobaki, vihifadhiwe mahali pakavu, kwa sababu mgeni akisoma jina la mwanafunzi wa miaka mingi iliyopita ataishika historia ya mahali kwa namna ambayo kibao cha rangi hakiwezi kumshikisha.

Mwenye siku zaidi asiharakishe kurudi Mbeya. Kutoka Masoko barabara ile ile hushuka mpaka Ipinda na kufika Matema, kwenye pembe ya Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone, ambako Walutheri, warithi wa ile Misheni ya Berlin, wana nyumba ya wageni mbele ya mchanga na maji. Na hivyo kwa siku chache mtu ataweza kutoka kwenye baridi ya mianzi mpaka kwenye joto la ufuko, akishuka kwenda kwenye ziwa lile lile ambalo Meyer na wenzake walipanda kutoka ufukoni kwake. Upande wa magharibi kuna Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, na kaskazini, ukipandia Isongole, kuna ziwa la Ngozi ndani ya shimo lake lenye kingo za kutisha. Sitakaa sana juu ya hayo, kwa sababu mahali hapo panajulikana na wengi, na wapo wanaopazungumza vizuri kuliko mimi.

Lakini kuna wageni ambao hatujawataja, nao ndio walio karibu kuliko wote: watoto wa skuli zetu za hapa Msasani na mitaa ya Tukuyu, wanaouona mlima Rungwe kila asubuhi wakienda darasani, na ambao wengi wao watamaliza masomo na kwenda mijini bila ya kuuingia msitu wake hata siku moja. Nawaomba walimu wakuu, na wazee wa kamati za skuli, kila skuli ichague darasa moja mwaka huu. Barua ya kuomba kibali cha hifadhi iandikwe mwezi wa Mei, barua nyingine iende kwa wenye kituo, wazazi wachange maharage na ndizi na nauli kidogo kidogo kabla ya likizo ya Juni, na wiki ya pili ya Julai, njia zikiwa zimeanza kukauka, watoto waondoke alfajiri pamoja na kiongozi wa msitu na mzee mmoja wa kijiji anayejua majina ya miti kwa Kinyakyusa. Aliye tayari kuchukua jukumu hilo kwa skuli yake na alitaje jina lake kwenye mkutano wa wazazi ujao, ili wenzake wajue ni kwa nani watakakopeleka mchango wao.